Kopo Lililofika Nyumba ya Mwisho

Kosa langu la kwanza katika kazi ya dawa lilikuwa kuijaribu marhamu yangu, dawa ya kupaka upele, Suji peke yake. Suji iko juu mlimani, na asubuhi mtu akikusalimia unauona mvuke ukimtoka mdomoni. Nilipaka kidogo kwenye kipande cha kioo, nikakiegemeza dirishani, nikakichungulia wiki nzima. Haikuteleza. Ilikaa kama siagi. Nikajisifu moyoni, jambo ambalo silifanyi mara nyingi, kisha mimi na muuguzi wa zahanati tukaipeleka bondeni, kwenye kambi ya mkonge, ambako hata mshumaa hujipinda wenyewe ndani ya kabati.

Naanza na kosa hilo kwa sababu watu wanaonifahamu hapa Same hupenda kuanza na habari ya afisa aliyetoka mkoani, na wakiisimulia hunifanya mtu aliyeonewa. Sikuonewa sana. Kabla afisa hajanigusa, mimi nilikuwa nimekwisha kumuumiza mtoto wa watu.

Nilimaliza darasa la saba mwaka ambao katika shule yetu hakuchaguliwa hata mtu mmoja kwenda sekondari. Mama hakulia wala hakunisema. Alinipeleka zahanati ya kanisa, hapo hapo Suji, nikapasue kuni na kuchemsha vyombo, na yule mama muuguzi aliyeiongoza akanipa ufunguo wa stoo. Humo nilikuta kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, kinachoeleza namna ya kuchanganya dawa. Nilikisoma nikiwa na kamusi pembeni, neno kwa neno. Yako maneno niliyoyajua maana yake miaka mingi kabla sijamsikia mtu akiyatamka, na mpaka leo nikiyatamka mbele ya waliosoma natoka jasho.

Kitabu kilisema kwamba marhamu ni vitu viwili: dawa, na kile kinachoibeba dawa. Niliisoma sentensi ile nikaielewa, na bado nikaitendea dawa kwa heshima na kile kinachoibeba kama gunia tu.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni ilipatikana kwa kumjua mtu wa duka la ushirika. Zahanati ililetewa boksi la dawa, na vidonge vilijitahidi kufika mwisho wa mwezi, lakini dawa ya upele iliisha kabla ya vyote. Zamani ilikuwapo ya tyubu, kutoka nje. Mama muuguzi alikuwa ameitunza tyubu moja tupu, akiwaonyesha wagonjwa kama mtu anayeonyesha picha ya marehemu. Ubavuni iliandikwa: kibiriti upele, ndiyo salfa, sehemu kadhaa kwa mia. Sikuwa na haja ya jina la kampuni wala rangi zake. Nilitaka ile ile bila jina lake, kwa watu wasioweza kulipia jina. Nikaamini kwamba nikiweka kiasi kile kile cha kibiriti upele nitakuwa nimetengeneza kitu kile kile.

Kibiriti upele nilikipata kwa dereva wa gari la kanisa, aliyeniletea mfuko wa unga wa njano ambao watu wa kusini hupulizia mikorosho. Mafuta ya mgando hayakuwapo popote, si Same, si Moshi. Nikatumia mafuta ya ng'ombe, nikayalainisha kwa mafuta ya pamba. Unga niliuchekecha kwa kitambaa, nikausaga kwenye kinu cha mawe, nikauchanganya na mafuta kwa kisu juu ya kioo, huku na huku, mpaka kiganja kikaota malengelenge. Nikihisi chembe moja baina ya kidole gumba na ukucha, namwaga yote naanza upya.

"Mwanangu," mama muuguzi aliniambia, "huu ni upele, siyo harusi."

Alicheka, mimi sikuweza. Nilikuwa na hofu ambayo sijui ilitoka wapi, kwamba kuna mtu atakuja siku moja, afungue kopo langu, aone chembe, na kusema: tulijua, huyu hakuchaguliwa.

Kambi ile ya mkonge ilikuwa mistari ya nyumba za matofali zilizojengwa zamani za wakoloni, na ndani yake wakakaa watu kutoka kila upande: Kigoma, Iringa, Singida. Upele uliingia na mtu mmoja ukawapata wote. Na kambi ilikuwa na utaratibu wake, ambao hakuna aliyeuandika: aliyetangulia kufika ndiye hutangulia kupata. Maji, mgao wa unga, hata kuni. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mnyapara, na nyumba ya mwisho ilikuwa ya yeyote aliyekuja majuzi. Sisi makopo hatukuwa nayo. Tulikuwa na kopo moja kubwa la maziwa ya unga. Basi marhamu ikajazwa humo, na kopo likapita kutoka nyumba hadi nyumba, kila mmoja akichota cha familia yake, wote wapakane siku hiyo hiyo, maana nyumba moja ikiachwa upele hurudi.

Tuliposhuka kuangalia maendeleo, mama muuguzi na mimi, mnyapara alitupokea akijikuna mbavu.

"Dokta, mmetuletea mafuta ya kukaangia," alisema. "Ngozi inang'aa, lakini wadudu wako palepale. Nadhani wamenenepa."

Nyumba za kwanza zote zilikuwa hivyo. Katikati ya mstari tukakuta watu wamepona, tena vizuri kabisa, wakatushika mikono. Nikaanza kupumua. Halafu tukafika nyumba ya mwisho.

Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja wa Kigoma. Mume wake alikuwa mkataji mkonge. Binti yao wa kwanza, aliyekuwa darasa la nne, alikaa kwenye mkeka ameinua mikono mbele yake kama mtu aliyeshika uzi wa kufuma. Kwenye viwiko na katikati ya vidole ngozi ilikuwa imetoka. Nyekundu, mbichi.

"Habari za hapa, mama," nilisema.

"Habari si unaiona."

"Mlipaka kiasi gani?" Nasema kweli: nilikuwa natafuta kosa lake.

"Tulichopewa. Kopo lilifika limebaki chini. Tukakwangua kwa kijiko. Wewe umeona wapi mtu anaacha dawa kwenye kopo?"

"Inawasha?"

"Inaunguza," alijibu binti mwenyewe.

Mama yake akaendelea, bila kupaza sauti. "Kabla ya dawa yenu alikuwa anajikuna, lakini alikuwa anaenda shule. Sasa mwalimu mkuu kasema asionekane na mikono hii. Huyu ndiye anayetusomea barua zetu, dokta. Hapa nyumbani hakuna mwingine."

Mama muuguzi alipiga magoti akamshika binti mabega, akaomba msamaha kwa niaba ya zahanati. Mimi nililichukua kopo. Chini, pembeni mwa alama za kijiko, kulikuwa na tope la njano, gumu, zito. Joto la bondeni liliyeyusha mafuta yangu, na unga ukazama. Walioanza walipata mafuta matupu. Waliomaliza walipata kibiriti. Kiasi kilikuwa sahihi kabisa, kwa hesabu ya kopo zima. Ila hakuna mtu anayepaka kopo zima.

Sikuomba msamaha. Nilisimama pale nikiwaza nta, nikijiuliza nta kiasi gani ingeshika unga usizame. Watu walidhani nimezidiwa na huzuni.

Baada ya hapo nilihamia Same kwa mjomba, ndugu wa mama, aliyekuwa na bucha karibu na soko. Nilimwambia nataka joto. Alifuta kisu chake kwa kitambaa.

"Watu wanapanda mlima kutafuta baridi, wewe unashuka kutafuta joto. Haya, joto lipo, bure."

Alinipa chumba cha nyuma. Nilikuwa naweka vikopo vya marhamu juu ya bati la bucha asubuhi, navishusha jioni, navikata kwa kisu kutoka juu mpaka chini kama mtu anayekata keki, nakagua rangi. Njano juu, njano chini: hapo nafurahi. Nyeupe juu: namwaga. Mjomba alilalamika kwamba mafuta yake ya ng'ombe mazuri yanaishia shimoni. Wateja waliuliza nini kile juu ya bati. "Ni mpwa wangu," alijibu, "anaanika akili."

Ilinichukua misimu miwili ya kiangazi. Nilipunguza mafuta ya pamba, nikaongeza nta niliyonunua kwa warina asali wa porini kule chini, mpaka ikapatikana marhamu ngumu, inayohitaji kusuguliwa kiganjani kabla haijakubali kulainika. Haikuwa nzuri. Ilinuka ng'ombe na kibiriti kwa pamoja. Lakini unga haukuzama hata bati lilipokuwa halishikiki. Na kwa kuwa ilikuwa ngumu, sikuhitaji kopo. Nilikata kipande cha kila nyumba, nikakifunga kwa jani kavu la mgomba lililotoka Suji, kama wanavyofunga tumbaku. Cha watoto nilikitengeneza chepesi zaidi, nikakifunga kwa kamba nyekundu.

Mnyapara hakupenda. "Yaani mimi na aliyekuja jana tunapata sawasawa, siku moja?"

"Ndivyo upele unavyotaka," mama muuguzi alimwambia. "Wenyewe haukupanga foleni."

Kambi ikapona. Mama wa nyumba ya mwisho alichukua kifurushi chake, akakinusa, akakunja uso, akapaka kwanza mkono wake mwenyewe siku kadhaa kabla ya kuwagusa wanawe. Sikumlaumu. Binti, aliyekuwa akirudishwa nyumbani kila mikono ilipoharibika, sasa akabaki shule. Niliambiwa kwamba alikuwa anashika nafasi ya pili, na ya kwanza mara moja moja, na mimi nikawa natembea na habari hiyo kana kwamba ni matokeo yangu mimi.

Kisha ikaja ruksa, biashara ya bidhaa za nje ikafunguliwa. Ndivyo watu walivyoiita, na kwa muda ilikuwa kama sikukuu. Soko la Same likajaa mitumba, radio, sabuni za rangi tatu, na meza za vipodozi kutoka ng'ambo ya mpaka. Pamoja na vitu hivyo alikuja afisa wa dawa kutoka mkoani, kijana wa suruali ya kitambaa, si mkali. Alisikia habari ya vifurushi akaja mpaka bucha.

"Kijana, hii ni bucha au kiwanda cha dawa?"

"Ni chumba cha nyuma, mzee." Hakuwa mzee. Nilimzidi hata ndevu.

"Na nzi wanajua kwamba hiki ni chumba cha nyuma?"

Mjomba aliendelea kukata ubavu. Afisa akakaa kwenye kigoda changu na kuuliza maswali. Nataka ieleweke kwamba yalikuwa maswali mazuri, yale niliyokuwa nikijiuliza mwenyewe nikiwa peke yangu.

"Huu unga ni wa mikorosho. Unajua kuna nini kingine humo ndani?"

Sikujua.

"Unasema dawa imekaa sawa juu na chini. Umepimaje?"

"Kwa rangi."

"Rangi ya macho yako. Kesho ukiumwa macho?"

Nikamtolea ile tyubu tupu, ambayo mama muuguzi alikuwa amenipa, kumwonyesha kwamba sikubuni kitu, naifuata ile iliyokuwa imekubaliwa. Aliigeuza, akaibonyeza.

"Umeilinganisha dawa yako na hii?"

"Ndiyo."

"Haina kitu. Umeilinganisha na hewa." Hakusema kwa kejeli. Alinirudishia kwa mikono miwili. "Mdogo wangu, kiasi kuwa sawa hakutoshi. Krimu mbili zinaweza kuwa na dawa sawa, moja ikaingia kwenye ngozi na nyingine ikakaa juu. Lazima uwe na ile ya asili, uwe na yako, zipimwe maabara. Uwe na mfamasia wa kuweka sahihi. Uwe na chumba ambacho hakiuzi nyama. Mpaka hapo, usitengeneze, usimpe mtu."

"Hata bure?"

"Hata bure. Ngozi haiulizi kama dawa ilinunuliwa."

Akanipa karatasi nikatia sahihi. Watu hudhani nilitia sahihi kwa woga. Hapana, ilikuwa kama faraja. Maisha yangu yote nilikuwa nimemngoja mtu huyo afungue kopo langu, na alipokuja akawa hakunidharau, alinisahihisha. Nilimpenda. Nilimsindikiza mpaka stendi, nikamshika mkono, nikarudi nikaosha kioo changu na kisu na kinu, nikavipanga kwenye kreti.

Nilihangaika mwaka mzima kutimiza aliyoyasema. Mfamasia niliyempata Moshi alinisikiliza vizuri mpaka nilipotaja upele, akaniuliza nani hutajirika kwa upele. Chumba kingeweza kupatikana, kanisa lilikuwa tayari. Maabara ilikuwa Dar es Salaam. Lakini yote hayo yalikwama kwenye jambo moja: ile dawa ya asili, ya kulinganishia, haikuwa ikiletwa nchini tena. Nikamuuliza afisa alipopita, nifanye nini. Akasema utaratibu unataka dawa hiyo iwepo. Nikasema haipo. Akasema kweli, ni tatizo. Aliliandika kwenye daftari lake.

"Watu husema Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku," mjomba aliniambia nilipomwomba nauli nyingine. "Wewe sasa kuku mwenyewe huna, na ng'ombe ni wangu."

Siku ile ile niliyomuuliza afisa, nilimwonyesha meza za sokoni. Katikati ya manukato na mafuta ya nywele zilikuwapo tyubu ndogo za krimu, picha ya mwanamke mweupe ubavuni, na wauzaji walizisifu kwa chunusi, choa, mba, upele, na kung'arisha.

"Zile zimesajiliwa, mzee?"

"Zile ni vipodozi."

"Watu wanapaka upele."

"Siwezi kukagua watu wanapaka nini wapi. Mimi nakagua kinachoitwa dawa." Akashusha sauti. "Najua. Lakini meza ile ni ya afisa biashara. Mimi nimepewa maduka na zahanati."

Upele ulirudi kambini mwaka ambao binti yule alikuwa darasa la saba. Ulikuja na kundi jipya la wakataji, kama kawaida. Zahanati haikuwa na kitu. Wiki chache kabla ya mtihani, mwalimu mkuu akawakagua watoto mikono, akamrudisha nyumbani.

Mama yake alikuja Same kwa lori la mkonge. Nilimwona akiulizia bucha, amejifunga khanga mbili, na vumbi mpaka kwenye kope. Alinisalimia kwa adabu, akakataa kiti.

"Dokta, nataka ile inayonuka."

Nikamweleza kwamba siitengenezi tena.

"Vitu huna?"

Vitu nilikuwa navyo. Unga ulikuwa kwenye mtungi, nta chini ya kitanda, mafuta ya ng'ombe hatua chache kutoka tuliposimama. Kabla lori halijarudi ningekuwa nimemaliza. Hili ndilo jambo ninalojua kuhusu nafsi yangu kuliko lolote lingine: nilifikiri mambo hayo yote, kwa utulivu, na nikasema hapana.

"Nimeweka sahihi, mama. Nimekatazwa mpaka isajiliwe."

"Umemwekea nani sahihi?"

"Serikali."

"Huyo serikali ana mtoto wa darasa la saba?"

Nilimwambia achemshe nguo zote, aanike magodoro juani, ampeleke hospitali. Akasema hospitali wameshafika, wameandikiwa wakanunue, na duka lililotajwa halina. Nikarudia habari ya nguo. Nilikuwa naisikia sauti yangu ikiwa nzuri, yenye mpangilio, kama ya kitabuni.

Mjomba aliweka kisu chini. "Mpe, mpuuzi wewe. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," nilisema.

Ninakumbuka nilivyoona fahari kidogo niliposema hivyo. Nilikuwa naamini kwamba siku moja kibali kitakuja, na kitakapokuja nataka kiwe kimemkuta mtu msafi, asiye na doa. Mama yule aliniangalia kama mtu anayesoma bei ya kitu asichoweza kununua. Akaaga: "Haya, dokta, kaa salama." Akavuka barabara kwenda sokoni.

Nilimwona kutoka mlangoni. Alisimama mbele ya meza ya vipodozi. Muuzaji alifungua tyubu, akampaka kidogo nyuma ya kiganja, naye akakinusa, na kwa mbali nikaona uso wake ukilegea. Nilijua kuna dawa fulani kwenye krimu za namna ile, zinazonyamazisha muwasho bila kumgusa mdudu. Kitabu changu kilionya kuhusu hilo kwa maneno mafupi sana. Ilikuwa barabara moja tu kati yetu, tena magari yalikuwa machache. Sikuvuka. Nilijiambia kwamba si kazi yangu, nikaona kwamba nimejibu kama afisa, na hata hilo halikunisogeza.

Habari zilizofuata nililetewa na mama muuguzi. Kwanza zilikuwa njema: binti alilala usingizi mzima usiku ule ule, mikono ikawa laini, mwalimu akamkubali. Mama yake alimtuma mtu aniletee salamu na mihogo mikavu, bila kinyongo. Niliipika tukala na mjomba. Kisha, kwa kuwa hakuwashwa tena, binti hakujikuna, na kwa kuwa hakujikuna, hakuna aliyeona. Upele ulienea chini kwa chini, tumbo, mapaja, kifua. Alipoishiwa krimu uliamka wote kwa pamoja. Ukatunga usaha. Homa ikapanda.

Siku mbili za mtihani alikuwa hospitali hapa Same, kwenye benchi la nje kwa sababu vitanda vilijaa, na baadaye kitandani na mwenziwe. Nilikwenda siku ya pili. Mashavu yalikuwa yamebakiwa na weupe wa ile krimu, na chini ya weupe huo mtoto alikuwa amekonda. Nikamuuliza anajisikiaje.

"Wenzangu wapo kwenye Hesabu sasa hivi," alisema, akitazama jua dirishani. Kisha akasema bila hasira, kama anayepanga vitu kwenye rafu: "Dokta, ile yako ya kwanza iliunguza. Ya pili ilinuka. Hii ilinukia."

Mama yake alikuwa ameketi miguuni pa kitanda. Hakuniangalia. Aliendelea kukunja shuka ambalo lilikuwa limekwisha kunjwa.

Nilimweleza afisa alipokuja tena. Nilimweleza yote, mpaka mtungi wa unga na nta chini ya kitanda, nikiwa nategemea anilaumu, au walau atikise kichwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ulifanya vizuri kutompa. Ungempa, ningelazimika kukufungulia kesi." Alikuwa anamaanisha wema. Nadhani ndiyo pongezi pekee niliyowahi kupewa na mtu wa ofisi kwa kazi yangu ya dawa.

Niliporudi Suji kusalimia, mama muuguzi hakunipa maneno makali. Aliniwekea makande, akakaa upande wa pili wa meza, akaniangalia ninavyokula. "Wewe, mwanangu," alisema mwishoni, "ulitaka kuwa bila kosa. Basi umekuwa." Akachukua sahani akaenda kuiosha.

Mkonge ulikuwa unashuka bei, shamba likapunguza watu, na kama ilivyokuwa desturi wakaanza na waliokuja mwisho. Familia ile ilikwenda kwao Kigoma kabla ya matokeo ya mtihani kubandikwa, ingawa binti hakuwa na matokeo ya kungoja.

Imepita miaka michache. Sijafika thelathini. Kilichobadilika ni kwamba nilisoma kozi fupi, nikafaulu, na sasa ninauza katika duka la dawa baridi, zile zisizohitaji cheti cha daktari, lenye leseni hapa Same. Dawa ya upele imeanza kupatikana tena, imesajiliwa, ina maandishi ya Kiswahili. Afisa amepewa ruhusa ya kukagua na meza za vipodozi, na hukagua akipata usafiri. Kambi imefungwa, nyumba zake zinafugiwa mbuzi. Mimi sitengenezi tena dawa yoyote. Binti yule hakurudia darasa la saba. Kwa habari ya mwisho niliyoipata, analima mihogo na mama yake.